Orodha Nyuma ya Risiti

Laki nane na elfu arobaini.
Nimezihesabu mara tatu kwenye kaunta ya famasi,
zamu ya usiku, Arua imelala nusu,
kisha nikageuza risiti iliyochapwa vibaya
nikaandika juu kabisa: KADI YA PICHA.

Nani huanza na kingine?
Nilikuwa nimeitazama simuni wiki nzima,
feni zake tatu, taa zinazogeuka zambarau, kijani,
kama shingo ya njiwa juani.
Bei: laki saba na nusu.
Iliyobaki ingetosha kipanya na kilio.

Ejoyi, fundi wa redio na wa chochote kinachogoma kuwaka,
aliisoma ile risiti, akajipangusia jasho kwayo.
"Candiru," akasema, "unapanga harusi kwa kuanzia keki.
Mchele je? Maji? Nani atashika moto?"
Akaniwekea pawasaplai mbili, moja kila kiganja.
"Pima. Wewe si mtu wa dawa?"
Ya kushoto nyepesi kama mkate wa jana,
imeandikwa wati mia tano kwa rangi ya dhahabu.
Ya kulia imekwaruzwa, haina majivuno, inavuta bega chini.
"Umeme wetu huondoka kwa adabu, hurudi kwa hasira.
Hiyo nyepesi itakufa,
na haitakubali kufa peke yake."
Rahisi huvunja upishi, bibi alikuwa akisema,
naye hakuwahi kusikia kapasita ikipasuka.
Laki na ishirini. Nikalipia ile nzito.

Mashine yenyewe ilitoka kwa shirika lililofunga ofisi.
Ubavuni bado kibandiko: MALI YA MRADI WA VISIMA.
Miaka tisa imejumlisha pampu, mabomba, posho za semina,
ikaungua tumbo la umeme mwezi mradi ulipokwisha.
Prosesa nzima. Ubao mzima.
Vumbi la kutosha kupanda mihogo.
Laki mbili na themanini, na mlinzi akaniongezea kibodi
isiyo na herufi Q.
Sawa. Kiswahili hakitaiulizia.

Kumbukumbu nilichukua vijiti viwili vya nne, si kimoja cha nane:
dumu likijaa, mikono miwili.
Taa, nilikata.
Kioo cha ubavuni, nilikata.
Kiti chenye mabawa nilikikata mara mbili,
maana mara ya kwanza kalamu ilipita pembeni,
na sikuisukuma mimi.

Kadi ikaja kwa basi la usiku kutoka Kampala,
fupi, feni moja, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto.
Haidai hata waya wake; hula inachopakuliwa na ubao.
Laki mbili na hamsini na tano.
Ndogo hivyo, nikataka kumpigia muuzaji
nimuulize soksi ya pili iko wapi.

Tukaunga kila kitu kwenye televisheni ya mama.
Ejoyi akabonyeza. Feni ikakohoa, ikazunguka,
na mtaa mzima ukazimika.
Tukakaa gizani kama waliofiwa,
bisibisi mkononi mwake, lawama kinywani mwangu,
hadi jirani alipopiga kelele kwamba hata kwake hakuna.

Kesho yake, saa ya taarifa ya habari (deni hilo nitalilipa),
gemu ikafunguka: barabara ya vumbi, milima nisiyoijua.
Picha kumi na moja kwa sekunde.
Gari lilikwenda kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda.
Nikaanza kushusha.
Nyasi, punguza. Mng'ao wa maji, zima.
Mawingu, yabaki palepale.
Mwisho nikazima vivuli.

Arobaini na nne.
Gari likachomoka na moyo wangu ukiwa haujafunga mkanda.

Mama akasogeza kigoda. Akatazama kona mbili, tatu.
"Mbona halina kivuli? Ni la majini?"

"Hapana, mama. Ni la laki nane."