Herufi Ndogo Iliyobebwa

Bi. Mwanahija wa vitambulisho, pale Chumbageni,
alivua miwani, akaivaa tena, akaniuliza:
"Makilvini. Hili la wapi, dada?
Mdigo si wewe. Mbondei si wewe.
Msambaa ningekujua."
Nikasema jina ni la baba.
"Na la baba, la wapi?"
Nyuma yangu foleni ikakohoa.

Nyumbani, Barabara ya Kumi na Tatu, jina lina sura nne:
Makilvini kwenye cheti cha ubatizo cha baba,
Makelvin kwenye kadi ya Bombo,
Mkilivini kwenye daftari la shule,
kana kwamba kipo kijiji kiitwacho Kilivini na sisi tumekihama,
na juu ya kaburi la babu,
fundi alipoishiwa saruji,
MAKILV.

Shangazi Yusta ana hadithi yake, wala haiombi ushahidi:
mzungu wa Pongwe, mwekundu kama kamba wa kuchemsha,
mlevi, mwenye huruma Jumapili tu,
ndiye aliyemzaa babu.
"Tazama pua yangu."
Nimeitazama miaka arobaini.
Ni pua ya Kasulu,
imekuja kwa miguu hadi kwenye reli,
na kwa reli hadi kwenye mkonge.

Nikaandika barua Antrimu, kwa ajuza mmoja wa jina hilo,
Rona, mfuga mbuzi.
Wiki sita, kisha bahasha yenye harufu ya moshi:
"Sisi ni wachache, tunatosha meza moja ya harusi.
Tulivuka maji kutoka Uskoti hatuna kitu,
na Ayalandi tukaitwa wageni mpaka tukazoea.
Hakuna wa kwetu aliyekwenda Tanga.
Ila binamu wa babu yangu alikuwa na karakana Belfasti,
akisubu vyuma, akiuza mashine popote penye bandari.
Na jina, kama wazee hawakutudanganya,
ni mwana wa mtumishi wa mtakatifu fulani.
Mtakatifu mwenyewe tumempoteza."

Nikaenda Pongwe.
Korona ya zamani imelala majanini, meno nje.
Mlinzi, kijana Shebughe, akadai elfu mbili ya soda,
kisha akanishikia karatasi mwenyewe
nami nikapitisha mkaa juu ya kibao.
Ikatoka M.
Ikafuata c ndogo, imeinuliwa, ina mstari chini yake,
kama mtoto aliyebebwa na mkono uliompitia matakoni.
Kisha ILV.
Kilichobaki kimeliwa na kutu,
palepale lilipokatika kaburini.

Sasa namwona. Simwoni, namtunga:
kijana wa miaka kumi na tisa, manamba,
amesimama mbele ya karani wa vipande.
Jina lake la Kiha ni refu, ndani yake mna shukrani ya mama,
na wino wa karani hauna nafasi ya shukrani.
"Huna jina la kuandikika?"
Akageuza shingo. Mashine ilikuwa inatafuna, inatema singa.
Akasoma jina lililong'aa.
Hapana, hakujua kusoma.
Akanyoosha kidole. Karani ndiye aliyesoma.

Siku thelathini za kwanza zikatiwa alama kwenye kipande,
na mtu wa Kasulu akawa mwana wa mtumishi
wa mtakatifu asiyejulikana.
Hakujua.
Au mgongo wake ulijua.

Lile jina refu sijalipata.
Nimeuliza hadi Kigoma, kwa simu, kwa watu wasionidai kitu.
Kila mmoja hunipa jina zuri,
na kila jina ni la mtu mwingine.

Shangazi nilimwonyesha karatasi.
Aliishika mbali na gauni lake, akairudisha,
akajifuta mkaa kidoleni.
"Mashine," akasema, "haina pua."

Jumatatu nilirudi Chumbageni.
Bi. Mwanahija alikuwa na mafua, hakuuliza asili ya lolote.
Akaandika Makilvin, bila i ya mwisho,
akapiga muhuri, akapiga chafya.
Sura ya tano.
Sikumsahihisha.