Mkopo wa Mteremko

Kumi naijua.
Kumi ni gauni nililolishona mara nyingi,
naweza kulikata bila chaki:
najua linabana wapi, linaachia wapi,
najua kwenye ya saba pumzi itanung'unika, kisha itatii.
Lakini kilomita ishirini na moja
ni kitambaa ambacho sijawahi kukitandaza mezani.
Kirefu. Kinaning'inia pande zote mbili.
Sijui hata upande wa ndani ni upi.

Juma zima, kibandani kwangu Mshindo,
niliandika ubavuni mwa meza
saa mbili na dakika ishirini,
nikafuta,
nikaandika mbili na nusu,
nikaifuta kwa kiwiko nikimpima mteja,
nikairudisha ile ishirini.
Tulinumtwa wa duka la vifungo aliponiuliza
nikasema, "Nimalize tu, shoga."
Hilo lilikuwa lengo la kuwaambia watu.
La chaki lilikuwa langu.
La tatu sikuliandika popote:
nisitembee kwenye mlima wa Ipogolo.

Alfajiri, uwanja wa Samora,
na upepo ule wa Iringa usiobisha hodi
ukiingia mkono huu wa fulana, ukitokea huu.
Filimbi ikalia.
Tukamwagika kama mahindi gunia linapochanika.

Njia inaanza kwa kuteremka.
Iogope njia inayoanza kwa wema.
Toka mjini hadi Ipogolo lami inakubeba,
magoti yanacheka, kila mtu ni tajiri.
Mimi nimewahi kukopa kwenye kikoba,
naijua pesa ya mkopo inavyonukia siku ya kwanza.
Nikajizuia. Nikawaacha wapite:
karani wa benki, wanachuo na kelele zao,
mtoto wa yeboyebo,
na yule bwana niliyempunguzia pindo la suruali
Alhamisi, kwa nusu bei.
Alinipita bila salamu.
Mimi nikausikiliza mguu wangu wa kulia, ule wa cherehani,
unaojua kwamba ukikanyaga kwa pupa
sindano haiendi mbali. Inakatika.

Tukavuka daraja la Ruaha Mdogo.
Sita. Nane. Tisa na wauza nyanya.
Kwenye kumi mwili ukasimama mlangoni, kwa mazoea,
ukitafuta ufunguo wa nyumba.
Nikauambia: leo hatulali hapa.

Kumi na moja.
Hakuna aliyepiga makofi.
Mama mmoja tu mwenye ndoo: "Kamwene!"
Nikamjibu, "Kamwene!"
Ilinigharimu pumzi mbili,
lakini salamu haiwekwi akiba.

Kumi na sita, nikamkuta bwana wa pindo
amekaa ukingoni, ameshika muundi kama mtoto mchanga.
Ningependa kusema sikufurahi.
Nilifurahi hatua kama nne hivi,
kisha nikamwachia chupa yangu ya maji.

Mlima ulikuwa pale pale tulipouacha,
umekaa na daftari.
Kila mita tuliyoteremka imeandikwa, na riba.
Nilipanda sambamba na lori la mbao,
gia ya kwanza wote wawili,
lenyewe likitoa moshi mweusi, mimi mweupe.
Kona ya kwanza nikalipa.
Ya pili nikalipa kidogo.
Kisha nikatembea.
Hatua arobaini. Nilizihesabu kama vifungo,
maana kisichohesabiwa huzaana.
Ya arobaini na moja nikaikimbia,
kama hiyo yangu inaitwa kukimbia.

Saa mbili na dakika ishirini na sita.
Si ile ya chaki, si ile ya siri.
Ile ya kuwaambia watu, ndiyo, ilitimia,
nikaiona ndogo, nikaiona kubwa,
nikalia kidogo nyuma ya gari la wagonjwa
kwa sababu ambayo bado naitafuta.

Jumatatu nilishuka ngazi kinyumenyume.
Meza ilikuwa na namba yake bado.
Sikuifuta; nimeiwekea alama pembeni,
kama unavyoacha kitambaa cha ziada kwenye mshono
kwa mtu ambaye bado anakua.
Mteja akaingia, akauliza,
"Nasikia ulikimbia. Ulikuwa wa ngapi?"
Nikashusha futi shingoni.
"Geuka," nikamwambia, "nipime mabega."