Kreni ya Nne

Wanaziita kumbukumbu za bodi,
ingawa ziliandikwa ili watu wasahau.
Miaka kumi na minne ya vikao, mafaili ya kijivu,
ghorofa ya chini ya chuo, Klaipėda, Februari,
kipasha joto kinakohoa kama mlinzi wa zamu ya usiku.
Kazi yangu ni kusoma, kisha kuandika namba:
sifuri kama wote walikubaliana,
moja kama yupo aliyeuliza.

Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Imepitishwa kwa kauli moja.
Sikujua kauli moja inaweza kuwa ndefu hivi.
Mwenyekiti amewashukuru wajumbe kwa kufika.
Posho zimelipwa. Mkaguzi wa hesabu ameridhika.
(Mkaguzi ni mume wa binamu ya mwenyekiti;
hilo halimo mafailini,
nililiokota kwenye tangazo la harusi, gazeti la zamani.)

Nilidhani wizi ninaoutafuta una bahasha,
una mkono chini ya meza, una jasho.
Kumbe una ajenda.
Una chupa za maji na kalamu zenye nembo,
una mtu mmoja anayesema, "Tuendelee?"
na watu wanane wanaoendelea.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga;
kimya hiki kilikuwa na risiti.

Kisha kikao cha themanini na tatu, ukurasa wa sita:
Bwana Vaidotas Žvirblis aliuliza iliko kreni ya nne.
Swali limepokelewa.
Basi. Limepokelewa kama mgeni
anayeachwa amesimama sebuleni na koti lake.
Nikaandika moja. Nikainuka, nikazunguka meza, nikaketi tena.
Kikao cha themanini na nne: wajumbe wanane.
Hata kwaheri yake haikupitishwa.

Nilimpata Mei, nje kidogo ya Gargždai.
Anafuga nyuki. Mizinga kumi na mmoja;
aliihesabu kwa kidole kabla hajanikaribisha kiti.
Alinipa supu baridi ya bitiruti,
nyekundu ya waridi, rangi ya sherehe ya watoto.
Nilitegemea siri. Hakuwa nayo.

"Tulilipia kreni nne, binti.
Chumba cha mikutano kina dirisha pana kama ukuta,
linatazama gatini.
Siku ile joto lilizidi, nikaenda kulifungua,
nikahesabu. Moja, mbili, tatu.
Nikarudia, labda moja imesimama nyuma ya mwenzake.
Lakini kreni si paka."

"Na wenzako? Hawakuwahi kuhesabu?"

"Wenzangu walikaa wamelipa dirisha mgongo.
Viti vilikuwa vimepangwa upya, upande mmoja tu wa meza,
yapata miaka mitano kabla."

"Nani aliamua?"

Akakung'uta makombo ya mkate mweusi magotini.
Nyuki mmoja alitembea ukingoni mwa bakuli, akarudi alikotoka.
"Ilipitishwa kwa kauli moja," alisema.
"Nami niliinua mkono.
Jua lilikuwa linatuumiza macho."

Msimamizi wangu ameona jedwali.
Moja peke yake kati ya sifuri zote hizi, anasema,
inapotosha mstari; iondoe.
Anasema kwa upole. Ni mtu mwema, ana tarehe ya kuchapisha.

Usiku nilishuka tena kwenye mafaili,
kikao cha thelathini na moja, mwisho kabisa, chini ya Mengineyo,
baada ya salamu za rambirambi na bei ya kahawa:
viti.
Kando yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, sifuri.

Ni sifuri kweli. Nimeiacha.
Ile moja pia nimeiacha.
Ila nimeongeza safu mpya upande wa kulia, haina jina bado,
na nimeanza upya, tangu kikao cha kwanza,
kuandika nani alikuwa ametazama wapi.