Pete ya Ndani

Julai, Mwanjelwa. Baridi imekaa juu ya bati
kama mdai asiyetaka kuaga.
Bi Subilaga kaingia na kiroba cha sandarusi,
akakitua mezani: kishindo, grisi, pumba.
"Fundi, mashine yangu inatapika beringi."

Nikafungua. Kweli, ilikuwa inatapika.
Beringi imetembea hadi mlangoni,
na hapo mlangoni, mahali pa pete,
mtu kapachika msumari wa inchi nne, kaukunja duara.
"Nani kafanya?"
"Shemeji yangu, wa Igurusi."
Sikusema kitu. Shemeji ni shemeji.

Pete ya tundu si pete ya shafti.
Ya shafti hukumbatia, ya tundu husukuma.
Ile unaitanua ili ivae, hii unaibana ili iingie.
Ukizichanganya umenunua hereni.

Nikachukua venia, nikaipuliza vumbi.
Tundu: milimita sitini na mbili.
Mfuo nikaupima mara tatu, maana mfuo ndio kitanda:
sitini na tano kwenda chini yake hakuna,
upana mbili na unywele.
Lutufyo akausugua kwa kijiti cha mwanzi na mafuta ya taa.
Nilimkataza tupa.
Kingo zikilala, pete nayo italala,
na beringi itarudi barabarani.

Kwa Tweve saklipu zimo za aina mbili, bakuli moja:
za bei ya soda, na za bei ya kuku.
Ya soda niliibana kwa koleo, nikaiachia,
ikabaki imejikunja vilevile
kama mtu aliyeshakubali kila kitu.
Ya pili ilirudi kwa hasira.
Nikalipa kuku.

Haya, Lutufyo, leta mkono.
Ina nyuso mbili, pitisha kucha uzijue:
huku laini, huku makali.
Ulaini uitazame beringi,
makali yaegemee ukuta wa mfuo, yaung'ate.
Ncha za koleo ndani ya masikio.
Bana kiasi cha kupita tu,
ukizidisha unaivunja moyo.
Na vaa miwani.

Hakuvaa miwani.
Pete ikachomoka, ting!
ikapiga bati, ikapiga kopo la chai, ikapotea.
Bi Subilaga kapiga magoti na tochi ya simu,
mimi nikafagia sakafu kwa sumaku ya spika mbovu,
tukaokota nati kumi na moja, wembe,
na senti za mwaka ambao Lutufyo hajazaliwa.
Pete ilikuwa kwenye pindo la suruali yake mwenyewe,
imetulia, kama haikufanya lolote.
Jicho lake lilikuwa zima. Nilimtazama hadi akavaa miwani.

Mara ya pili nilibana mimi.
Ikashuka kiubavu, ikakaa sawa, nikalegeza polepole.
Klak.
Nikaisukuma kwa bisibisi, ikazunguka, haikutoka.

"Haina nati?"
"Haina."
"Wala gundi?"
"Wala gundi."
"Sasa inashikwa na nini?"

Miaka kumi na tisa nafunga vitu hivi
na sijawahi kuulizwa.
Nikafuta mikono, ingawa haikuhitaji kufutwa.
"Haishikwi, mama. Inataka kutanuka, nyumba inakataa.
Basi ugomvi wao huo ndio unaozuia beringi."
Akacheka mpaka akashika meza.
Akasema ndoa hiyo anaijua, kaikalia miaka ishirini na saba,
akalipa, akajitwika kiroba, akaondoka na ukungu.

Ijumaa simu ikalia. Jina lake.
Haloo. Haloo, mama?
Hakujibu. Kaiweka simu karibu na mashine, nisikie:
ngurumo moja, nyoofu, bila kugonga,
mchele ukishuka kama mvua kwenye debe,
na mbali kidogo sauti ya mwanamume
akiuliza msumari wake uko wapi.