Matanga ya Onesmo, Kengeleni

Usiku wa pili wa matanga, uani kwa shangazi Kezia,
Mwalimu Zefania akafungua Warumi, sura ya tisa:
udongo haumhoji mfinyanzi.
Onesmo, kama ni mteule, aliteuliwa kabla ya pombe.
Na kama siye —
hapo akanywa chai.

Shangazi alikuwa akiambua mbaazi.
"Mwalimu, mlango wa moyo kitasa chake ki ndani.
Ndugu yangu alikuwa na mikono.
Hiari yashinda utumwa."

Pakawa kimya.
Methali hiyo nyumbani humu haisemwi ovyo.
Mama wa bibi yetu hakuulizwa alipouzwa,
hakuulizwa alipookolewa,
manowari ilimtapika tu ufukweni pamoja na wenzake.
Aliulizwa hapa, chini ya kengele,
na kasisi mwenye daftari:
Wataka kuitwa nani?
Akawaza hadi wino ukakauka kalamuni.
Akasema, Nitakwambia kesho.

"Hiyo kesho," akauliza Zefania,
"alipewa na nani?"
"Na kumkawiza mzungu," akajibu shangazi,
"alifundishwa na nani?"

Mimi nilikuwa nikiosha vikombe.
Onesmo kaniachia deni la sukari dukani kwa Mbaraka,
na kofia.
Kila Jumapili alisimama nje ya lango la kanisa,
ananuka mnazi, haingii, haondoki,
hadi baraka ya mwisho,
kofia mkononi.

Ninayo hapa, ina jasho lake.
Sijui ni nani aliyeivua.