Dumu la Sindano

Bati la biskuti nililoletewa Idi ile
wajukuu hulifungua mpaka leo, wakakuta uzi.
Uzi mweusi, uzi wa samli, uzi wa rangi ya bungo.
"Bibi, umetudanganya tena."
Bati ndilo limewadanganya. Mimi sijasema neno.

Hapa Ngamiani chumba changu cha kushonea
ni ukumbi uliokatwa kwa pazia,
na karibu kila chombo humu
kinafanya kazi ambayo hakikununuliwa kuifanya.
Trei la mayai limebeba vifungo, vitundu thelathini,
kila kitundu na ukoo wake: vya shati, vya sare, vya koti,
na kimoja cha pembe, peke yake, sijui kilimdondoka nani.
Mbuzi ya nazi iliyolika meno naning'inizia futi;
haikuni tena, yapima.
Kipande cha sabuni ya mche nachomekea pini,
zikitoka zimeteleza, zinaingia kitambaani bila kelele.
Na sumaku! Niliing'oa kwenye spika ya redio ya marehemu,
redio iliyonyamaza miaka miwili kabla yake.
Jioni naiburuta sakafuni kwa uzi
na pini zinaijia mbio,
kama alivyokuwa akiijia yeye mechi ya Mkwakwani.

Akiba haiozi, nilizoea kusema.
Lakini sindano iliyokatika si akiba,
na hiyo ndiyo sikuipa chombo.
Ikikatika kwenye jinzi
naiviringisha kitambaani, naitia mfukoni na maganda ya ndizi,
nasema imekwenda.
Imekwenda wapi, sikujiuliza.

Jumanne moja Shekiondo wa mkokoteni
alisimama mlangoni, kidole gumba amekifunga.
Sikutazama damu. Nilitazama kitambaa:
maua ya zambarau juu ya njano,
masalia ya gauni la Mwanamvua, la harusi ya mdogo wake,
niliyoyatupa mimi, Ijumaa.
Mfuko wangu ulimchoma,
mfuko wangu ukamfunga jeraha.
"Si neno, mama," akasema. "Mikono yangu imezoea."

Mikono haizoei. Mikono hunyamaza tu.

Nilimpeleka zahanati. Wakamsafisha, wakamdunga ya pepopunda.
"Sindano kwa ajili ya sindano," akacheka yeye.
Mimi macho yalikuwa kwenye sanduku la njano la nesi,
mdomo mwembamba: kinaingia, hakitoki.

Nikarudi nikasaka jikoni.
Chupa ya maji: nikaijaribu, ncha ikatokeza ubavuni. Hapana.
Kopo la maziwa: kifuniko kinacheza. Hapana.
Dumu la sabuni ya maji, plastiki nene, shingo fupi,
kifuniko cha kuzungusha mpaka kilie.
Haya, wewe.
Nikalisuuza mara tatu, nikalianika juu ya banda la kuku,
nikaandika kwa wino usiofutika: SINDANO. USIFUNGUE.
Kisha, kwa wasiojua kusoma,
na kwa wajukuu wanaojua kusoma wasijue kutii,
nikachora kidole gumba kimefungwa kitambaa cha maua.

Sasa humo zinashuka zilizopinda, pini zenye kutu,
vipande vya wembe wa kufumulia.
Bi Riziki wa nyumba ya pili, anayejidunga dawa ya sukari,
alikuja kuchungulia, akaondoka bila kuaga,
kesho yake na yeye ana dumu lake, juu ya kabati.
Langu likifika robo tatu sitalishindilia.
Nitalifunga, nitalizungushia gundi ya karatasi,
nitalibeba mwenyewe hadi kwa nesi; alisema atalipokea.

Jumanne iliyofuata Shekiondo aliinama akaukagua mchoro.
"Kidole hiki ni changu?"
"Ni chako."
"Mbona ua umelikosea? Lilikuwa na petali tano.
Nimekaa nalo wiki nzima, nimezihesabu."
Akachomoa mkokoteni mwake dumu tupu, kifuniko kizima,
akaliweka kizingitini, akaenda zake.

Nikatafuta kalamu.
Nikaongeza petali moja.