Dakika Kumi na Nane

Mmetangaza kwamba mnataka maoni ya umma:
dodoso la afya na usalama kambini
humchukua mtu dakika kumi na nane. Je, makisio ni sahihi?

Mimi ni Marlys Halvorsen, nyumba mia nne kumi na mbili,
kambi ya ndege za kivita, Dakota Kaskazini.
Naandika kwa penseli. Wino umeganda garini.

Dakika kumi na nane zinamtosha
asiyekumbuka kitu.

Swali la tatu lauliza kama tumeona ukungu.
Upi? Wa nje tunaujua,
hutanda juu ya njia ya kurukia, hutawanyika jua likipanda.
Wa ndani hauna habari na jua.
Ulianza nyuma ya kabati, mweusi,
mdogo kama kifungo cha sare.
Nikausugua kwa klorini, ukarudi na ndugu zake.
Fundi wa kampuni akaja na kopo la rangi nyeupe,
akaupaka, akaandika: umekwisha.
Hapo nilisita, kahawa ikapoa.
Hesabuni na hiyo.

Swali la saba nililijibu pamoja na jirani yangu,
Losa Tuimavave. Mumewe hutengeneza injini,
jina lake liko mezani, lasubiri cheo mwezi wa nne,
kwa hiyo Losa hajibu, hunitazama tu nikijibu.
Idadi ya watoto wanaokohoa, wanaoishi humu kwa sasa.
Sifuri, akasema.
Na ni kweli. Ioane yuko Pago Pago kwa bibi yake tangu Novemba,
anapumua vizuri, anauliza theluji imefika dirisha lipi.
Kitanda chake kimetandikwa.
Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua;
hawakusema lolote
juu ya maradhi yaliyokatiwa tiketi ya ndege.

Basi takwimu zenu zitatoka safi.
Sifuri yake ni ya duara, haina ufa,
na mtaani kwetu naweza kuwaonyesha nyingine nne kama hiyo
bila kuvaa koti.

Sisemi ni ukuta. Mimi si daktari,
kabla ya kuolewa nilikuwa nauza vipuri vya trekta.
Nasema ulizeni nani ameondoka, na kwa nini,
na swali hilo msilitake jina.

Mmeandika pia "mzigo kwa mjibuji", mnaupima kwa dakika.
Haya. Nilikaa mezani watoto wakipanda basi la shule.
Sasa ni saa tano na robo
na bado niko ukurasa wa pili,
hapo mtakapokuta karatasi imefutwafutwa
mpaka ikatoboka.
Ni Losa. Aliniomba penseli,
akaandika moja,
akaifuta.